Kamati ya Ngiri

Daktari kaniambia nina ngiri. Nilipofika nyumbani nikamweleza mke wangu, na kitinda mimba wetu, ambaye shuleni wamefika kwenye wanyama wa porini, akadakia kuuliza kama huyo ngiri ana meno. Nikamwambia hana, ila anakula hela.

Na anakula kwelikweli. Pale hospitali, dirisha la malipo, nilipewa karatasi yenye kumbukumbu namba ya malipo na orodha: kumwona daktari, altrasaundi, vipimo vya damu, chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, kitanda siku mbili, na wavu. Nikauliza, wavu wa nini tena? Dada wa dirishani akasema, bila kuinua macho, ni wa kuziba pale nyama ya tumbo ilipoachia. Kwa bei ile, kwetu Tanga unanunua wavu wa dagaa na chenji ya karabai inabaki. Jumla 940,000. Ndipo dada akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Baba, bima unayo?"

Sina. Mama yangu yuko Muheza, meseji anasomewa na wajukuu, lakini kadi ya mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, anayo: aliikata kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Mara tatu alinihimiza nami nikate bima, mara tatu nikamjibu kwamba mambo ya mjini yeye hayajui. Watumishi wa serikali wanakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaweka 3 nyingine, maisha yanaendelea. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, na maana ya neno hilo nimeielewa pale dirishani. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, niliandika makala ya kuisifu, nikalipwa, hela nikaila. Kukata bima yenyewe nikasema kesho.

Mjomba wangu naye haniachi nipumue. Yeye alipasuliwa ngiri mwaka 1978, hospitali ya wilaya, bila kutoa senti. Kuku mmoja alimpelekea nesi, tena kwa hiari yake. Kila akija kunijulia hali lazima amtaje yule kuku. Nikimwambia mambo ya kuchangia gharama yalianza 1993, ananiuliza kwa nini sikuumwa kabla ya hapo. Ningejua, mjomba, ngiri ningeipata darasa la saba.

Jirani akanishauri niende ustawi wa jamii, kuna msamaha kwa wasiojiweza. Nikapata barua ya serikali ya mtaa, nikavaa shati lililopauka, nikaacha saa nyumbani. Afisa alikuwa mpole. Akauliza kazi yangu, idadi ya watoto, nyumba ni yangu au nimepanga. Nilikuwa najibu kwa sauti ya chini kama yatima, nikaona kabisa kalamu inaelekea pazuri, mara simu ikaita mfukoni. Ni ile simu ya kioo kikubwa niliyonunua kwa mkopo. Afisa akaitazama simu, akashuka hadi kwenye kitambi, akarudi kwenye simu. Akasema msamaha una watu wake, ila mimi wanaweza kunipangia nilipe kwa awamu. Kitambi hiki ni cha wanga tupu, lakini ungemweleza nini mtu wa serikali?

Nikabaki na mikopo ya kausha damu. Kijana wa ofisi ya mikopo alikuja hadi sebuleni, akapiga picha televisheni, friji, na makochi ambayo deni lake halijaisha. Akataka na sahihi ya mke wangu. Mke wangu akamuuliza jambo moja tu: "Hospitali wamesema aongeze damu kabla ya kupasuliwa, wewe unakuja kuikausha?" Kijana akafunga faili akaondoka, na soda yetu kamaliza.

Ndipo shemeji yangu akaja na wazo la kamati. Shemeji ni mwenyekiti wa kamati za harusi kwa kipaji. Akafungua kundi la WhatsApp, akaingiza watu 87, akaandika tangazo lenye picha yangu ya mwaka 2011 nikiwa nimevaa suti. Siku ya kwanza zikaingia pole 64, mikono ya kuomba isiyo na idadi, dua mbili za sauti, na shilingi 15,000. Kati ya hizo, 5,000 zimetoka kwa rafiki yangu wa miaka ishirini, bila ya kutolea.

Nikaenda kabatini nikatoa kaunta buku langu. Humo nimeandika kila mchango wa harusi niliotoa tangu 2014: jina, tarehe, kadi ya mmoja au ya wawili. Harusi 31, jumla milioni mbili na kidogo. Nikawasha simu, nikaanza kukumbusha watu kistaarabu. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alikuwa msibani, na kwa nyuma nasikia taarabu. Wa tatu, bwana harusi wa 2019 niliyemchangia laki nzima, akanisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi: "Kaka, ndoa yenyewe ilishavunjika. Mimi nitakupa nusu yangu, ile nyingine mdai yule mwanamke." Nusu yake naisubiri hadi leo.

Kamati ikakaa vikao. Kamati haikai nyumbani kwa mgonjwa, inakaa baa, kwa sababu ndivyo kamati zilivyozoea. Kikao cha kwanza kilichagua mhazini, katibu na mtu wa chakula. Nikauliza mtu wa chakula wa nini, na mimi siku ile natakiwa nikae na njaa. Nikaambiwa nisiingilie shughuli za kamati. Kikao cha pili kilijadili sare ya kitenge ya kuja kunitazama wodini. Kinamama walitaka zambarau, mwenyekiti akasema ionekane rangi ya matumaini, wakaahirisha. Kikao cha tatu alikuja mshereheshaji, sijui kaalikwa na nani, akaahidi kutupunguzia bei.

Juzi mhazini akasoma hesabu. Michango iliyoingia: 412,000. Matumizi ya vikao, yaani soda, bia za wasiokunywa soda, kuku na ndizi za kuchoma, na nauli ya mhazini mwenyewe: 118,500. Kilichobaki: 293,500. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema kwa mwendo huu tutafika, na wakaagiza tena.

Ngiri bado ninayo. Nikikohoa naishika kwa mkono wa kushoto, na kwenye daladala nasimama upande, kondakta anadhani nimeficha mzigo, anataka nauli yake. Kikao cha nne ni Jumapili saa kumi jioni, pale pale. Nawe msomaji karibu, ila tafadhali uje umeshakula kwako.