Chuo Kikuu cha Sebuleni

Nyumbani kwetu Tabata, kitu cha bure hakikosi wateja. Niliposema wakati wa chakula kwamba siku hizi mtu anaweza kusoma kozi za Harvard kwa simu bila kulipa ada, baba aliweka kijiko chini, akavaa miwani na kuuliza fomu zinachukuliwa wapi.

Fomu hakuna. Kinachotakiwa ni bando, na bando ndilo lililotugombanisha. Mpwa wangu wa kidato cha pili alikuwa anajifunza hesabu Khan Academy. Baba, mstaafu, akajiandikisha edX kwenye kozi ya Chuo Kikuu cha Berkeley iitwayo Sayansi ya Furaha. Mimi nikachukua ile ya Barbara Oakley iliyoko Coursera, kuhusu namna ya kujifunza. Wanafunzi watatu, GB moja.

Mama hakujiandikisha popote, lakini ndiye aliyekuwa mkaguzi wa elimu. Alianza na mpwa. Kwenye video zile unaona ubao mweusi na maandishi ya rangi yanayojiandika, sauti inaongea, mtu haonekani.

"Mwalimu gani anaficha uso?" akauliza.

Nikamweleza historia, nikidhani namaliza ubishi. Nikasema Salman Khan, mwanzilishi wa Khan Academy, alianza mwaka 2004 kumfundisha hesabu binamu yake Nadia, yeye akiwa Boston na binti akiwa New Orleans. Ndugu wengine nao wakaomba wafundishwe, na mwaka 2006 akaanza kuweka masomo yake YouTube. Mama alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele.

"Kumbe alikaa akamfundisha ndugu yake, tena wako miji tofauti. Wewe na mtoto wa dada yako mnalala chumba kimoja, halafu unampa simu."

Tangu hapo nimekuwa mwalimu msaidizi, bila mshahara. Ila niseme ukweli, nimejifunza jambo kwa kukaa pembeni ya yule kijana. Darasani kwao wamejazana, na kumwomba mwalimu arudie mara ya nne ni kujitafutia jina. Ule ubao mweusi anaurudisha nyuma anavyotaka, na hauguni. Akikwama kabisa ndipo ananigeukia, na mara nyingi kilichomkwamisha ni Kiingereza, hesabu yenyewe anaiweza. Hapo mjomba nina faida kidogo.

Kozi yangu mwenyewe ilikwenda kwa mwendo wa daladala saa kumi na moja jioni. Oakley ni mtu wa kumwamini: shuleni hesabu zilimshinda, akaingia jeshini, akasoma Kirusi, na baadaye akaja kuwa profesa wa uhandisi. Anashauri utege saa dakika 25, uweke simu mbali, usome bila kusumbuliwa, kisha upumzike. Simu niiweke mbali vipi, na kozi imo ndani ya simu? Nikaitega hivyo hivyo. Muuza dagaa akapita, nikaitwa nitoe chenji. Nikarudi. LUKU ikaanza kulia, nikatumwa nikanunue umeme. Niliporudi na tokeni, dakika 25 zilikuwa zimeisha na simu ilikuwa inanipongeza, inaniambia sasa nipumzike.

Baba ndiye aliyekuwa mwanafunzi bora, na ndiye aliyetuletea balaa. Kozi ya furaha ina zoezi la kuandika kila siku mambo matatu mazuri yaliyokutokea. Akaandika kwa kalamu, kwenye daftari la kaunta, akaliacha mezani: pensheni imeingia, Yanga wameshinda, chai ya leo ilikuwa na tangawizi ya kutosha. Mama alisoma mara mbili. Akauliza chai hiyo ilijipika yenyewe, au ilipikwa na Yanga. Jioni ile Sayansi ya Furaha ilisomwa kimyakimya, kila mtu kwenye kona yake, na chai haikuwapo kabisa.

Mgogoro wa pili ulikuwa wa cheti. Baba alishapima ukuta mahali pa kukitundika. Nikalazimika kumwambia kwamba masomo ni bure lakini cheti kinalipiwa, tena kwa dola. Kumpoza, nikamsomea takwimu: katika mwaka wa kwanza wa kozi za Harvard na MIT kwenye edX, mpaka katikati ya 2013, kulikuwa na maandikisho 841,687, na vyeti vilivyotolewa ni 43,196 tu. Nilitaka aone kwamba kutopata cheti si aibu.

Alivua miwani. "Hao wengine wote," akasema, "na kwao umeme ulikatika?"

Sikuwa na jibu. Mzee anaendelea na kozi yake, na orodha ya mambo mazuri siku hizi inaanza na jina la mama, liwe limetokea jambo au halijatokea. Mpwa amefika kwenye milinganyo na simu yangu haijarudi.

Wewe unayetaka kuanza, chukua kozi moja tu. Programu za simu za Coursera na edX zinakuruhusu kupakua video, kwa hiyo pakua pale bando linapokuwa nafuu na usome baadaye hata mtandao usipokuwepo. Tafuta mtu wa kukaa naye, hasa kama mwanafunzi ni mtoto. Na kama kuna mzee nyumbani, mweleze habari za cheti kabla hajanunua fremu.