Uwe Mkulima Hodari Sumbawanga Bila Kushika Jembe

Kama umehamia Sumbawanga kikazi, au umerudi nyumbani baada ya kustaafu, wiki haiishi hujagundua jambo moja: hapa mtu asiyelima hana cha kuongea. Harusini, msibani, kwa kinyozi, habari ni mvua, mbolea na bei ya gunia la mahindi. Usihangaike. Mimi nina msimu wa sita katika ukulima huu na viganja vyangu bado ni laini kama vya karani. Nisikilize.

1. Novemba, nunua vitu vinavyoonekana. Mbegu haionekani, iache dukani. Mungu ametupendelea: mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo unajifanya mara moja tu kwa mwaka. Wenzetu wa Moshi, wenye vuli na masika, wanajieleza mara mbili. Nunua gambuti na uzipake tope mwenyewe, usisubiri mvua. Kisha omba kwa mtu mfuko mtupu wa mbolea, ule wa kilo 50, uutundike kwenye uzio, maandishi yakitazama barabarani. Tangu ruzuku ya mbolea ianze msimu wa 2022/23, mfuko huo unakusemea: huyu kajiandikisha, huyu ana ekari zake. Wapita njia wataanza kukuita "mkulima mwenzangu". Itikia.

2. Januari hadi Machi, acha nyasi ziote. Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukiwa Dar es Salaam, uwanja uliojaa nyasi ni aibu. Huku kwetu Ufipa ni mtaji. Wazee wetu walikuwa na kilimo cha intumba: mvua zikielekea ukingoni, nyasi ndefu zinalazwa na kufukiwa kwa udongo, linapatikana tuta la mviringo kama kichuguu kidogo. Juu yake unapanda maharage. Ndani, nyasi zinaoza taratibu. Msimu unaofuata tuta linabomolewa, udongo mweusi unatawanywa na kusiwa ulezi. Mbolea imejipika yenyewe, bila duka wala deni. Wataalamu wa udongo wamekuja kutoka mbali kuandika habari za matuta haya.

Sasa angalia ujanja ulipo. Ili ufukie nyasi, lazima kwanza uwe nazo. Kwa hiyo mtu akisimama getini akaguna kwamba uwanja wako umekuwa pori, usione haya. Kunja mikono kifuani, tazama mbali kuelekea milima ya Mbizi, useme polepole: "Zinasubiri intumba." Ataondoka akijilaumu kwa kutojua mila za kwao. Mimi nyasi zangu zinasubiri tangu mwaka juzi. Kuna nyoka humo, lakini heshima ina gharama zake.

3. Mgeni akija, panda asubuhi ileile. Nenda sokoni alfajiri, nunua kabichi sita zenye mizizi na zichomeke kwenye mstari ulionyooka. Mwagia maji mengi. Una saa tatu. Baada ya hapo majani ya nje yanalegea kama masikio ya mbwa, basi maliza matembezi ya bustani kabla ya chai. Na usimwache mgeni avune mwenyewe. Mimi nilimwacha shangazi yangu kutoka Laela. Alishika kabichi kwa mkono mmoja, ikatoka ardhini bila ubishi, mzizi ukiwa bado umefungwa kamba ya mgomba. Aliigeuza, akaitazama chini, akaitazama juu. "Mwanangu," akasema, "hii imekuja kwa basi au kwa bodaboda?"

Fungua kamba, ndugu yangu. Kamba ndiyo iliyoniponza.

4. Mei, wenzako wakivuna, toa kisingizio cha kitaalamu. Ukame usiuseme, kila mtu aliona mvua. Sema viwavijeshi vamizi. Waliingia nchini mwaka 2017 na tangu hapo wamebeba lawama za wavivu wengi kuliko mdudu yeyote. Lakini jua unachosema: eleza matundu kwenye majani, na ule uchafu kama unga wa mbao uliojaa kwenye moyo wa mhindi. Sema ulijaribu majivu. Hapo hata mzee aliyevuna magunia arobaini atakupa pole. Kuna kisingizio kimoja tu usichoweza kutumia, nacho ni kurogwa. Jina lenyewe la mji linasemwa kuwa na maana ya "tupa uchawi", watakucheka.

5. Juni na Julai, lala. Tuko kama mita 1,800 juu ya bahari, na baridi ya kipupwe huku haina mzaha. Wapo wanaoamka na ndoo kumwagilia chainizi na vitunguu mabondeni, umande ukiwaganda vidoleni. Ndio wanaotulisha sisi wakulima. Nunua kwao jioni, wakiwa na haraka ya kurudi kwenye moto, na fungu litakuwa kubwa.

6. Kuku usifuge, wakaribishe. Nusu kopo la pumba mlangoni kila asubuhi, na kuku wa jirani watashinda kwako hadi magharibi. Picha unapiga, mayai mawili matatu yanasahaulika chini ya ngazi yako, na banda hujajenga. Mpango huu nilikuwa nauona hauna doa.

Hadi Septemba iliyopita. Mama jirani alipiga hodi kabla jua halijachomoza, amevaa khanga mbili kwa baridi, mkononi kichupa cha chanjo ya mdondo. Inatakiwa tone moja kwenye jicho la kila kuku, na dawa ikishafunguliwa haingoji. "Baba," akaniambia kwa upole, "kwa kuwa wanaishi kwako, wewe utashika, mimi nitadondoshea."

Nilishika kuku thelathini na wanne. Jogoo mwekundu nilimshika mara mbili.