Deni la Shemeji Lilivyofika Malindi

Wa kwanza kupigiwa simu alikuwa Fundi Bomba, kisha Imamu, kisha Kinyozi. Saa nne asubuhi wadai walikuwa wamefika herufi ya M, na M ndiko alikokuwa Mama.

Shemeji alikuwa amekopa shilingi 3,000 kwa programu ya simu, akanunua feni. Mombasa ya Machi haina huruma, na chumba chake kina dirisha moja. Masharti aliyakubali kwa kidole bila kuyasoma, na miongoni mwake ilikuwamo ruhusa ya kusoma majina yote ya simuni. Siku ya kulipa ikapita. Basi binti mwenye sauti ya upanga akaanza kuwaarifu watu kwamba ndugu yao ni mwizi.

Kabla ya alasiri Mama alishuka kwenye matatu ya Malindi na mfuko wa nguo, akiamini nyumba yetu inapigwa mnada. Akaiamrisha feni irudi kwenye boksi, iuzwe. Jirani, ambaye naye alishapigiwa, akatoa 1,500 na pole nyingi. Mama akakaa mpaka Idi. Fundi Bomba naye, tangu siku ile, hatoi spana mfukoni kabla hajalipwa.

Hiyo ilikuwa 2021. Mwaka uliotangulia, Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imewazuia wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa nayo kupeleka majina ya wadaiwa kwa mashirika ya taarifa za mikopo (CRB); kwa maoni yangu ndipo walipozidi kung'ang'ania fedheha. Machi 2022 zikatoka kanuni: hakuna kukopesha kidijitali bila leseni ya Benki Kuu, na waliokuwa kazini wakapewa hadi 17 Septemba kuomba. Wengi walishangilia leseni. Mimi nilishangilia kifungu kinachomkataza mkopeshaji kupekua majina ya simu ya mdaiwa ili awatumie watu ujumbe deni likichelewa kulipwa. Deni lilikuwa la Shemeji peke yake, lakini fundi bomba ni wa nyumba nzima.

Shemeji alizisoma kanuni hizo neno kwa neno. Kisha akateremka dukani, ambako daftari lilikuwa na jina lake kwa unga, sukari na majani ya chai, akamuuliza mwenye duka, kwa adabu kabisa, kama ana leseni. Kwa bahati mbaya yake, binti wa mwenye duka anasomea sheria. Akamweleza kwamba kanuni zile hazimgusi muuza bidhaa ambaye kukopesha si biashara yake kuu, ila hukopesha katika kuuza tu.

Mwenye duka hakuhitaji kupekua simu ya mtu. Alitoka barazani, akainua uso ghorofani kwetu, akaniita:

“Mama Salma! Shemejio yuko hapa anauliza leseni! Deni lake ni 840!”

Mtaa mzima ukasikia. Nikateremsha kikapu kwa kamba, ndani yake noti ya elfu, na agizo kwamba chenji ipande na kikapu, asipewe Shemeji.