Lengo la Sita na Punda wa Gachoka

Wasomi wetu wa chuo kikuu wanaliweza somo la Malengo ya Maendeleo Endelevu. Waamshe usiku wa manane, watakutajia yote 17 bila kumeza mate, na wenye alama za juu watakuongezea shabaha 169 kama nyongeza. Mwaka 2030, kikomo cha malengo hayo, wanautaja kama harusi ya jirani: kualikwa wamealikwa, kugharamia si wao.

Sasa wateremke Gachoka, Mbeere Kusini, kwa mtihani wa vitendo. Watamkuta nyanya akiswaga punda aliyebebeshwa mitungi ya manjano, jua la saa saba likikausha ndengu shambani. Si kwamba nchi ile haina maji. Mto Tana umezibwa mara tano hapo karibu: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ilianza kufua umeme mwaka 1968, wakati hata malengo ya milenia hayajatungwa mimba, sembuse haya ya 2015. Nyaya zikapita juu ya vichwa vya watu, zikashika njia ya Nairobi. Punda hakuachiwa hata balbu.

"Shosho," mwanafunzi anauliza, dodoso mkononi, "lengo la sita mmelifikia?"

"Hilo la maji? Kama liko kabla ya mto, nitalipitia. Kama liko ng'ambo, mwanangu, punda amechoka."

Kijana anaandika kwa mwandiko mzuri: "Mhojiwa hana uelewa wa kutosha. Semina inapendekezwa."