Sifa za Hita Inayosusa

Wapo waliosifia majahazi, wapo waliosifia ng'ombe, na harusini wapo wanaolipwa kusifia hata gari la kukodi. Hita ndogo ya gesi, ile inayobebwa kwa mkono mmoja na kuzimika kabla haijamaliza kupasha hata kiganja, haijawahi kupata msemaji. Leo imempata. Waheshimiwa wavuvi, naomba utulivu, na aliyekaa karibu na zipu ya hema aifunge, baridi inaingia. La, samahani, aiache wazi kidogo. Sababu tutaifikia.

Tuko Leadville, jimbo la Colorado, Marekani, mji ulio karibu mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataupata haraka: umeshaipita kambi ya Mandara, hujafika ya Horombo, na hapo katikati watu wamejenga shule, benki na baa. Kilomita chache magharibi ya mji lipo ziwa la Turquoise, ambalo majira ya baridi huganda likawa uwanja. Watu hutembea juu yake wakikokota vifaa, hutoboa tundu kwa keekee inayomzidi kimo mtoto wa chekechea, hushusha mshipi na kumngoja trauti. Barafu safi na ngumu ya sentimita 10 inatosha kumbeba mtu. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri inatosha kumfanya mtu huyo ajiulize ni nani aliyemleta. Hapo ndipo hita inapokaribishwa jukwaani.

Sifa yake ya kwanza ni adabu. Ukiiwasha barazani kwako Denver, mita 1,600 tu, inawaka kama ahadi za kampeni. Lakini ukifungua kitabu cha maelekezo, ule ukurasa ambao hakuna anayeusoma dukani, utakuta imeshakutaka radhi mapema: ukivuka takriban mita 2,100, huenda ikazimika. Huenda! Neno la kiungwana kabisa, linalomwachia mteja nafasi ya kutumaini. Kwa vipimo vyetu, hita hiyo ingeishi Nairobi bila matata na ingeanza kusitasita Nyahururu. Leadville hata usiitajie.

Inasusa kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe unapendeza kuutazama ukiinama karibu. Mbele ya sahani ya moto kuna kimoto kidogo cha buluu, kinalamba ncha ya kijiti cha chuma. Ncha ikiwa ya moto, kijiti kinazalisha umeme kiduchu, na umeme huo ndio unaoshikilia vali ya gesi iwe wazi. Oksijeni ikipungua, kimoto kinaanza kunyanyuka, kinayumba, kinaiacha ncha. Ncha inapoa. Umeme unakatika. Unasikia tak!, na wekundu unafifia taratibu kwenye sahani. Unavua glavu, unabonyeza kitufe, unakishikilia sekunde 30 huku kidole kikifa ganzi, unaachia kwa bismillahi. Inawaka. Unarudi kwenye tundu lako. Tak!

Kimoto na kijiti hicho ndivyo kihisi cha hita, nacho kimewekwa kizime gesi kabla oksijeni ya chumbani haijashuka chini ya asilimia 18. Chini pwani hewa ina oksijeni asilimia 21. Mlimani sehemu hiyo haibadiliki, ila hewa yote ni nyepesi: kwenye mita 3,000 mgandamizo wake ni kama asilimia 70 ya ule wa Mombasa, kwa hiyo oksijeni inayoufikia moto ni kama ya hewa ya pwani ambayo oksijeni yake imeshuka hadi asilimia 15 hivi. Hita haina namna ya kujua kwamba iko mlimani. Inachojua ni kwamba hewa haitoshi, na kwa akili yake hewa isiyotosha maana yake ni chumba kilichofungwa, chenye watu waliosinzia. Inautuhumu mlima mzima kwamba umefunga madirisha. Nionyesheni mtu mwingine mwenye msimamo wa namna hiyo, anayeweza kuushtaki mlima kila baada ya dakika 4, bila kuchoka na bila kutafuta shahidi.

Tucheke, lakini tusicheke sana. Sisi tunaotoka Njombe, Limuru na sehemu nyingine za baridi tunajua jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku linafanya nini. Jiko halina kihisi. Linaendelea kuwaka kwa uaminifu hadi asubuhi, na wanaovunja mlango ni majirani. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, haimkohozi mtu. Inaleta usingizi tu. Kwa hiyo kati ya vyombo vyote vya moto nilivyowahi kukaa navyo, hiki kinachoniudhi ndicho pekee kinachokubali kufa kabla yangu. Ndiyo maana nimeomba zipu iachwe wazi kidogo, chini na juu.

Turudi kwenye sifa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hita hii haingoji kusifiwa. Propani ikiungua inazalisha maji, na si haba: mtungi mdogo wa gramu 465 ukiisha, umetoa mvuke wa zaidi ya robo tatu ya lita ya maji ndani ya hema. Mvuke unapanda, unakutana na kitambaa cha paa, unageuka matone, matone yanageuka barafu. Kisha hita ikipata nguvu kidogo barafu hiyo inalegea na kudondokea hasa pale kola inapoachana na shingo. Tulikuja kuvua majini. Hita imetuletea maji hadi tulipo. Ukarimu gani unaozidi huo?

Halafu kuna mtungi wenyewe. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na ndiyo maana inachaguliwa kwa kazi hii. Butani huchemka karibu na sifuri, kwa hiyo mtungi wetu wa jikoni, ambao ni mchanganyiko wa hizo mbili, ungepandishwa huku propani ingetangulia kutoka na butani ingebaki imekaa chini inatutazama. Hata hivyo propani nayo si jasiri kiasi hicho. Kila inapogeuka kutoka kimiminika kuwa gesi inakula joto la mtungi wake, mtungi unavaa sharubu za barafu, mgandamizo unashuka, moto unanywea. Mvuvi afanyeje? Anachukua mtungi wa akiba na kuuweka ndani ya koti, kifuani, kama saa nzima. Yaani amelipa fedha, amepanda mlima, na sasa anampasha joto yule aliyekuja kumpasha yeye. Nani tena amewahi kuwafundisha wanaume wazima upendo wa kulea?

Najua kuna washindani, na haki yao wapewe. Kuna dada mkubwa wa hita hii, mwenye nguvu ya BTU 18,000 kwa saa na feni, anayemeza mitungi miwili kwa pupa na kususa kwa kihisi kilekile, ila kwa sauti kubwa zaidi. Mdogo, wa BTU 4,000 hadi 9,000, mtungi mmoja unamtosha saa 5 hivi akiwekwa moto mdogo, na saa 2 na ushee akiwekwa moto mkubwa. Hizo ni hesabu za karatasini, maana mlimani hata kuwaka anawaka kwa kupumzika.

Kuna hita ya sahani inayofungwa juu ya mtungi wa kilo 9. Hiyo mlimani inawaka bila maneno, kwa sababu nyingi za aina hiyo hazina kihisi cha hewa hata kidogo: zilitengenezwa zitumike nje, kwenye eneo la ujenzi, si ndani ya hema. Wavuvi wengi wa Colorado wanazitumia hemani na wanaziamini. Mimi siziamini, na naona bora nitetemeke. Na wapo mafundi wa ziwani watakaokuonyesha jinsi ya kukisogeza kile kijiti cha chuma kiufuate moto, au kukiruka kabisa, ili hita ndogo iache kususa. Huko ni kumziba mdomo mlinzi kwa sababu anapiga kelele usiku. Hapo sina mzaha.

Kuna pia hita ya dizeli. Moshi wake unatoka nje kwa bomba, joto lake ni kavu, halidondoshi maji shingoni. Kwa haki ndiyo inayostahili kuchaguliwa na mwenye fedha na sleji ya kukokotea, maana inataka betri, tanki na mahali pa kupitisha bomba, na mlimani nayo ina maradhi yake: hewa ikiwa nyepesi inapika masizi mpaka koo lizibe, isipokuwa iliyorekebishwa kwa miinuko. Sitakudanganya kwamba si bora. Nasema tu haina tabia ya kusifiwa.

Kwa anayebeba mzigo wake mwenyewe, basi, nachagua hii ndogo inayosusa, kwa masharti matatu yanayotokana na tabia yake. Iwekwe juu ya kipande cha ubao, vinginevyo itajichimbia kidimbwi chake na kuelemea upande. Kengele ya kaboni monoksaidi ya betri ining'inizwe hemani hata kama kihisi kipo, kwani kihisi kinapima upungufu wa oksijeni, hakipimi sumu. Na mtu avae kama vile hita haipo: sufu ndani, koti la manyoya ya bata juu, soksi za akiba mfukoni. Hilo la tatu huwa linafuatwa na kila mtu baada ya safari moja, wala halihitaji kuhimizwa.

Halafu kuna faida ambayo wenye hita za dizeli hawaijui, kwa sababu wakati wake huwa hawako macho. Trauti hupenda kula alfajiri. Saa hiyo, kwenye hema lenye joto zuri, mvuvi amefungua zipu ya koti, kidevu kifuani, anakoroma. Mwenye hita inayosusa yuko wima, anaruka mguu huu na huu, anabonyeza kitufe, anatukana kwa lugha mbili, macho hayajatoka kwenye tundu. Samaki mkubwa akivuta, huyu anamshika. Kule kwa jirani kinachosikika ni fimbo ya kuvulia ya bei mbaya ikisota juu ya barafu, ikigonga ukingo wa tundu na kuzama, na mwenyewe anageukia upande wa pili.