Wiki Moja kwenye Meza ya Maktaba

Jumatatu. Nimefungua chumba cha kompyuta saa mbili kamili. Kompyuta ziko 12, zinazowaka ni tano. Foleni imefika mlangoni, ikakunja kona, ikashuka ngazi. Tisa wa kwanza walitaka neno la siri la waifai. Wa kumi alitaka chaja.

Jumanne. Amekuja binti wa uuguzi, mwaka wa tatu, ameshika shilingi 90,000. Wenzake watatu wamemchangia. Alikuwa akitafuta kwa simu makala ya kifafa cha mimba, akaangukia tovuti ya mchapishaji, akadaiwa dola 35. "Shikamoo dada. Naomba unilipie, mimi sina kadi." Nimemketisha. Tumepitia ukurasa wa maktaba, tukaingia Research4Life. Mpango huu ulianza mwaka 2002 na majarida ya afya, kwa jina la HINARI, chini ya Shirika la Afya Duniani, na chuo chetu kinautumia bure. Makala imefunguka, ile ile ya dola 35. Akauliza mbona hawakuambiwa tangu mwaka wa kwanza. Waliambiwa, siku ya mapokezi, saa saba na nusu mchana, baada ya hotuba ya bima, watu wana njaa. Hela amerudi nazo bwenini.

Jumatano. Kijana wa tasnifu ya vikoba ameleta marejeo 11 aliyopewa na programu ya akili mnemba. Tumeyatafuta moja moja. Matatu yapo. Manane hayapo popote: mwandishi ni wa kweli, jarida ni la kweli, makala haikuandikwa kamwe. Namba moja ya DOI, ile ya kutambulisha makala mtandaoni, imetupeleka kwenye utafiti wa samaki. Baadaye tumefungua AJOL, hazina ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998, tukapata makala sita za kweli kwa nusu saa. Saa ya chakula ilikuwa imeshapita.

Alhamisi. Mafunzo ya wahadhiri, saa nne. Ufunguo wa ukumbi ulikuwa na mtu aliyekwenda msibani. Tumeanza saa tano, wahadhiri wanne kati ya 30 walioalikwa. Saa tano na robo umeme ukakatika. Nikachukua chaki. Nimewaonyesha ubaoni kwamba maneno mawili yakifungwa ndani ya alama za mtajo yanatafutwa kama fungu moja, na matokeo elfu kadhaa yanabaki machache yanayosomeka. Profesa mmoja, mtu mzima wa kustaafu karibuni, ameyanakili yote kwenye daftari. Alikuwa wa mwisho kuondoka.

Ijumaa. Mchapishaji mmoja ametufungia mlango chuo kizima. Kuna mtu ametumia programu kupakua toleo zima la jarida usiku mmoja, jambo ambalo masharti yanakataza. Hadi jioni watu 26 wamekuja kuniuliza kwa nini maktaba imeharibu mtandao. Nimeandika barua pepe ya kuomba radhi. Jibu halijaja.

Mwanafunzi, mwalimu, ukidaiwa dola kwa ajili ya makala, usilipe kwanza. Njoo mezani kwangu na jina la makala tu. Nipo saa mbili hadi saa kumi na moja, na huduma hii haina malipo.