Jinsi ya Kuhamia Uholanzi Bila Kupanda Ndege

Umeamka, X haifunguki. Usijisumbue kuzima na kuwasha simu. Mtandao huo ulifungwa Tanzania Mei 2025, na majirani zako wameshahamia Ulaya kwa VPN, programu inayoifanya simu ionekane iko nchi nyingine. Wafuate hivi.

1. Chukua ya bure. Ingia kwenye duka la programu, andika VPN, pakua ile yenye picha ya ngao. Usiulize mmiliki ni nani. Mtu usiyemjua anajitolea kupitisha mambo yako yote kwake bila kukudai hata senti. Mwema huyo, mwache atende wema. Waliopakua VPN ya bure iitwayo Onavo Protect nao walidhani wamepata mwema, kumbe mwenye mali alikuwa Facebook, iliyoinunua 2013 na kuitumia kuchungulia watu wanatumia programu zipi. Mwaka 2018 ikaondolewa kwenye duka la Apple. Lakini hao walikuwa wengine.

2. Ruhusu kila kitu. Ikitaka majina ya kwenye simu, picha na mahali ulipo, bonyeza "Ruhusu" kabla haijabadili mawazo. Lengo lako ni kampuni ya simu isijue unatembelea wapi. Sasa atajua mwenye ngao peke yake.

3. Chagua Uholanzi. Alama ya ufunguo ikitokea juu ya kioo, umefika. Utaanza kuletewa matangazo ya Kiholanzi, na bando la wiki litaisha kabla ya wiki. Ughaibuni gharama.

4. Jifiche vizuri. Fungua akaunti yenye majina yako matatu, picha ya harusi na namba yako ya simu, kisha mtukane umtakaye. VPN imeficha anwani ya IP. Jina umelitaja mwenyewe.

5. Jiandikishe. Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitaka wanaotumia VPN watoe taarifa zake, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Ukikamatwa na isiyoruhusiwa, faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kwa hiyo kabla ya kujificha, pita ofisini useme utajificha wapi.

6. Intaneti ikikatwa kabisa, kama siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, endelea kubonyeza "Unganisha". VPN hupita juu ya intaneti, na intaneti yenyewe haipo, ila kidole kinahitaji mazoezi.

7. Usizime kamwe, hata unapotuma pesa. Programu ya benki itaona mteja wa Mbagala ameingia akitokea Amsterdam, itafunga akaunti. Ukipigiwa simu kuulizwa uko wapi, sema kweli: Mbagala. Kisha anza kuthibitisha.